Aliyekula Upande wa Nabila

Nyumbani kwa Hasifa, mjini Koboko, wanawake hula sinia moja, kila mtu upande wake, na kuingilia upande wa mwenzako ni utovu wa adabu. Kwa hiyo Hasifa alipoona upande wa binti yake Nabila umelambwa safi kila mchana, alimshukuru Mungu. Lakini msichana alikuwa anakonda. Gauni lake la Idi, lililoshonwa sare na la binamu yake Kiden, lilipunguzwa, likapunguzwa tena, na bado likamning'inia.

"Angalia Kiden, huyo ndiyo iko na kiuno ndogo," Hasifa alizoea kumtania kabla hajaanza kukonda. Sasa aliuacha utani ule. Alimpa maziwa, akampa dawa ya minyoo, akamgombeza, wapi! Alikasirika mpaka akataka kulia.

Ijumaa moja, bamia ikiwa bado inafuka mvuke, alisikia harufu ya nywele zilizoungua, kisha mtu akitafuna taratibu, na alipoinua macho akaona mikono yote miwili ya Nabila imelala mapajani, mikavu, huku ugali wa upande wake ukimegeka tonge baada ya tonge, ukipungua, ukipungua, na alama za vidole virefu zikibaki mahali ambapo hakuna mtu aliyegusa.

"Nabila," alinong'ona, "nani nakula?"

"Yeye nasaidia mimi, mama. Usimufukuze."

Sheikh Sule aliitwa mbio. Alifukiza ubani, akasoma mpaka koo likamkauka, ndipo sauti nzito ikatoka kinywani mwa msichana.

"Mimi sikuingia kwa nguvu. Yeye aliita mimi nikule chakula yake."

"Toka!"

Mlango ulijibamiza, harufu ikakatika. Hasifa alipiga vigelegele, akakimbilia jikoni kuandaa sinia nyingine.

Waliketi. Upande wa Hasifa ulipungua. Wa Nabila ulibaki vilevile, mpaka ugali ukapoa na kukauka juu.

"Sheikh, jini bado iko hapa!"

"Hapana, Mama Nabila. Imeenda." Sule alikuwa anavaa viatu, hakumtazama. "Peleka mtoto Arua, kwa daktari. Leo."

"Si jini ndiyo ilikuwa nakataza yeye kukula?"

"Jini ilikuwa nakula tu."

Hasifa alimega tonge dogo, akalipeleka kwenye midomo ya binti yake. "Meza, mwanangu. Moja tu."

Nabila alimtazama kwa huruma, akakaza meno.