Ruzuku ya Nyasi za Saveta

Kila asubuhi Saveta alikamua ng'ombe wake, akala mkate na jibini, kisha akaketi barazani akitazama mlima. Huko juu kulikuwa na shamba lake la nyasi. Mumewe, Toader, alizikata kwa fyekeo kila kiangazi. Binti yao, Rafila, alizigeuza zikauke. Sasa Toader alikuwa marehemu, na Rafila alikuwa Hispania, akifanya kazi ya kumtunza bibi kizee wa watu.

Siku moja alikuja mwenye trekta.

"Mama, niuzie lile shamba. Nitalima mahindi."

Saveta alimwambia arudi Jumapili.

Jirani yake Ilarion, rafiki wa marehemu, aliposikia alikuja mbio.

"Shemeji, unauza? Umerogwa?"

"Nani atakata nyasi? Wewe na mgongo wako huo?"

"Uache mgongo wangu! Serikali inatoa ruzuku kwa wanaotunza nyasi za mlimani. Utawalipa wakataji kwa pesa hiyo."

Saveta alicheka. "Inilipe kwa kukaa bure?"

"Si bure. Mimi nimo kwenye mpango huo, najua. Hulimi. Huweki mbolea ya dukani wala dawa. Hukati kabla ya Julai, maana kuna ndege wanaotaga chini, na maua hayajadondosha mbegu. Unakata kwa mkono, halafu unaondoa nyasi zote shambani. Unaahidi miaka mitano. Ukivunja masharti, unarudisha pesa."

"Miaka mitano! Nitakuwa hai?"

"Wewe? Utatuzika sote."

Jumapili mwenye trekta aliondoka mikono mitupu. Majira ya kuchipua, Saveta na Ilarion walikwenda ofisi ya kilimo mjini, wakiwa na hati ya shamba na kitambulisho. Mfanyakazi alimwonyesha shamba lake kwenye ramani.

"Mipaka ni hii, mama?"

Saveta aliweka kidole katikati. "Hapa ndipo binti yangu alipojifunza kutembea."

Mfanyakazi alingoja mpaka Saveta alipoondoa kidole.

Juni, watu wa bondeni walianza kukata.

"Nyasi zangu zinazeeka!" Saveta alilalamika.

"Subiri, shemeji."

Akasubiri. Julai wakataji walipanda mlimani na mafyekeo yao. Walikubali kulipwa ruzuku ikitoka, na kabla ya Krismasi ilitoka. Saveta aliwalipa, akabakiwa na akiba. Kisha akampigia simu Rafila.

"Sikuuza shamba, mwanangu."

"Mama, nyasi zilinukiaje mwaka huu?"

"Njoo unuse mwenyewe."

Kiangazi kilichofuata Rafila alipata likizo fupi, akaja. Asubuhi aligeuza nyasi na mama yake. Mchana alijilaza juu ya nyasi kavu, akasinzia mdomo wazi. Saveta alikaa karibu, akimfukuzia nzi.

Likizo ikaisha. Basi la kwenda Hispania likamchukua. Saveta hakuenda nyumbani. Alipanda mlimani, ambako wakataji walikuwa wakikusanya nyasi. Penye kivuli nyasi zilikuwa zimebonyea kwa umbo la mtu aliyelala ubavu.

"Mama, tuondoe na hizi?" mmoja aliuliza.

Saveta alijua sharti. Nyasi zote lazima zitoke.

"Malizeni kule kwanza," alisema. "Hizi mtaziondoa kesho."

Akakaa chini, akaweka mkono pale zilipobonyea.