Nilitundika Shuka Sokoni, Mchumba Wangu Akaandika Majina

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mmoja, sina mume, na sijasamehe. Naanza na hilo ili mtu asijisumbue kuniandikia barua ya kunishauri nisamehe.

Naitwa Marthe. Nilizaliwa hapa Lubumbashi, wakati mji ukiitwa bado Elisabethville, nikakulia mtaa wa Katuba. Wazazi wangu walitoka jimbo la Kasai; baba alikuja kufanya kazi ya reli, na mama alifariki nikiwa mdogo. Mimi nilijifunza kuchora mabango ya maduka, na jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Kongo mwaka 1960 nilikuwa na miaka ishirini na minne.

Lakini mabango hayakunitosha. Nilitaka picha isiyo yangu peke yangu, picha ambayo watu wote wangeichora! Nikaunganisha mashuka sita meupe yakawa moja, nikalitundika kwenye ukuta wa soko kule Kampemba, chini nikaweka beseni za rangi. Kila mpita njia nilimwomba achovye kiganja, akigandamize kwenye shuka, halafu achore kando njia iliyomleta mjini. Treni, mto, mgongo wa mama yake... chochote.

Walinicheka. Wakasema binti wa mtu wa reli amerukwa na akili. Wa kwanza kukubali alikuwa jirani yetu Mama Ngalula, muuza sombe, yale majani ya muhogo. Alichovya mkono akaniuliza, "Sasa hii mukono yangu itafanya nini pale?" Nikamwambia itakaa na ya wengine. Akachora treni yenye magurudumu matatu, akajicheka mpaka akakaa chini. Baada yake wakaja wengi, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi shuka likakosa nafasi.

Mchumba wangu, Fabien, alikuwa karani kwenye ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa. Watu wa kabila lake ndio waliokuwa na nguvu siku zile, lakini sisi wawili hatukujali mambo hayo. Au ni mimi tu sikujali! Alikuja kunisaidia. Kwa kuwa wengi hawakujua kuandika, yeye aliandika kwenye daftari jina la kila mtu, kijiji chake, na avenue, yaani barabara, anayokaa. "Ili siku moja watoto wao wajue," alisema.

Nilimpenda zaidi kwa hilo. Jamani... nilimpenda zaidi!

Kisha hali ikachafuka. Sisi wa Kasai tukaanza kuitwa wageni na wasaliti, hata sisi tuliozaliwa pale pale. Asubuhi moja nilikuwa nje nafua nguo, vijana wa chama kilichotawala Katanga wakaingia avenue yetu pamoja na polisi. Hawakumuuliza mtu yeyote. Waliruka nyumba tatu, wakaenda moja kwa moja kwa Mama Ngalula. Wakamtoa nje, wakampiga kwa mikanda na vitako vya bunduki, wakaitia nyumba moto. Mume wake alikuwa mzee asiyeweza kusimama. Hakutoka.

Mmoja wao alishika karatasi. Aliponipita karibu niliona maandishi. Herufi M yenye mkia mrefu... M ile ile iliyoanza jina langu kwenye kila barua niliyoandikiwa na Fabien!

Nilikwenda komini na gauni langu limelowa maji ya kufulia. Nikamuuliza mbele ya meza yake, "Fabien, ni weye ulibapa polisi majina?"

"Kaa kwanza, Marthe."

"Ni weye?"

Akafunga mlango. "Balinilazimisha. Banajua mchumba yangu ni wa Kasai, balisema nionyeshe niko upande gani. Lakini jina yako sikuandika! Ya baba yako pia hapana. Nilikuokoa, Marthe!"

Nikamwambia mume wa Mama Ngalula ameungua akiwa kitandani.

"Sikujua kama batachoma," alisema.

Hakujua! Alidhani orodha ile wanaipeleka wapi, kwenye misa? Nilimzaba kofi, nikavua pete yake nikaiacha kati ya mihuri.

Yeye alikuwa na daftari, mimi nilikuwa na shuka. Nililitandaza uani, nikapita kiganja baada ya kiganja nikikumbuka ni cha nani. Kisha mimi na baba tukatembea avenue hadi avenue tukigonga milango, tukiwaonya watu wakimbie. Fundi cherehani mmoja alinitemea mate miguuni, halafu akabeba cherehani yake, yeye na wanawe wakaondoka. Nyumba nyingine nilikuta moshi tu. Tuliporudi nililichoma shuka lenyewe ili nalo lisitumiwe kuwasaka watu, baba akichochea moto.

Tulikimbilia kambi ya wakimbizi nje ya mji, walikolinda askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Tulilala kwenye vibanda vya magunia. Mama Ngalula alikuwepo, mkono wake wa kulia umevunjika. Nilipiga magoti mbele yake.

"Mwana," aliniambia, "uliniomba mukono nikakupa. Haukuniambia bwana yako anaandikia nani."

Baba alifia kambini kwa kuhara. Mama Ngalula alikuja matangani akakaa nami siku nzima. Jioni akarudi kwenye kibanda chake. Vita vilipokwisha alipanda treni kurudi Kasai, na sijamwona tena.

Na Fabien? Ni mtu mkubwa leo! Ana gari, kanisani anakaa benchi la mbele. Mwaka jana alikuja kwangu na mke wake, akaniambia zile zilikuwa siku mbaya, kila muntu alifanya yake.

Kila muntu alifanya yake! Nilimjibu pale pale uani, wateja wangu wa mabango wakisikia, na sikushusha sauti: "Mama Ngalula aliuzisha sombe. Mume yake alilala mu kitanda. Weye uliandika!" Mke wake ndiye aliyelia. Fabien alitazama saa.

Wasomaji, siwaambii msikusanye watu, wala siwaambii vijana wa sanaa msiwaombe wapita njia wachore nanyi. Nawaomba kitu kimoja. Mtu akiandika majina ya watu, hata akiwa mchumba wako, hata akiwa padri, muulize ni ya nini, yatakaa wapi, nani mwingine atayasoma. Asipojibu, mnyang'anye kalamu. Msimwonee haya! Mimi nilimwonea haya mtu niliyempenda, na watu wamekufa.