Tawi la Lennox Kwenye Chungu cha Maua

"Mama, ile kijiti ya kukauka nimetupa. Ilikuwa imekufa kabisa."

Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Mwiko ukanikwama mkononi.

"Kijiti gani, Arsène?"

"Ile ya mu chungu, karibu na dirisha. Nilitoa vitu vyote juu ya kupaka rangi. Nimepeleka ku jalala pamoja na lile zulia la zamani."

"Arsène mwanangu," nikamwambia, "ile haikuwa kuni."

Alisimama mlangoni na brashi mkononi, rangi nyeupe imemrukia hadi kwenye nyusi. Akaniangalia kama mtu aliyekanyaga mtoto wa paka.

"Ilikuwa nini, Mama?"

"Keti kwanza."

Arsène alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, dereva wa basi, tuliyesali naye kanisa moja. Jumamosi ilikuwa siku yake ya kupumzika. Alipoona ukuta wa sebule yetu umeota ukungu na mwenye nyumba hapokei simu, alinunua rangi akaja bila kuombwa. Kabla ya kuanza kazi alinisogezea kiti karibu na hita, nisipigwe na baridi ya madirisha aliyoyafungua. Mambo kama hayo mimi huyaona.

Nilikuwa nimetoka kwetu Kinangop mwezi wa tatu, mwaka 2006, kumtembelea mjukuu wangu Brigid, jina la nyumbani Nyokabi, hapa Acocks Green, ng'ambo kwa Waingereza. Viza yangu ilikuwa ya miezi sita. Brigid nilimlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Ni nesi, ana mikono myepesi na moyo mzito.

"Kwetu Wakikuyu," nikamweleza Arsène, "mwanamume akimtaka msichana, wazee wake wanakuja kupanda tawi nyumbani kwa msichana. Tunaita ithigi. Mwingine akipita akaliona, anajua huyu ameshachumbiwa. Hapiti tena mlango huo."

"Aa! Na ile ilikuwa tawi ya Lennox, muchumba wa Brigid?"

"Ya Lennox. Hapa hakuna kiwanja, wazee wakalipanda kwenye chungu."

"Tangu lini?"

"Miaka minne sasa."

Arsène akashika kichwa kwa mikono yote miwili, rangi ikaingia kwenye nywele.

"Mungu wangu! Na mtu akiing'oa, inasema nini?"

"Inasema uchumba umekwisha."

 Alikwenda nje akapekua gari lote alilokuwa ameazima, akarudi na jani moja kavu kwenye kiganja.

"Mama, nimepata tu hii."

Nilijitahidi nisicheke. Nilishindwa.

Brigid alirudi saa nane mchana, bado na viatu vyake vya wodini. Nikamwambia. Nilitegemea atalia au atagomba. Alikiangalia kile chungu kitupu, akacheka, halafu akaketi ghafla kama mtu aliyetuliwa mzigo na hajui mikono aiweke wapi.

"Pardon, Brigid," Arsène akasema. "Nitatafuta nyingine. Ku bustani kule iko miti mingi."

"Utapanda tawi kwa niaba ya Lennox?"

"Kama inaweza kusaidia."

"Wewe!" akasema Brigid, akacheka tena, lakini macho yalikuwa yamejaa.

Brigid alikuwa anakaribia miaka thelathini na minne. Alitaka nyumba yake na mtoto wake, basi. Lennox hakuwa mtu mbaya, na sitamsingizia. Aliponipokea uwanja wa ndege alinivalisha soksi zake nene pale pale kwenye benchi. Lakini harusi ilikuwa ikisogea kila mwaka. Kwanza amalize shahada ya pili, kisha aanze ya uzamivu, kisha aandike kitabu chake cha utafiti, kisha apate kazi ya kudumu. Na kanisani hakuna kijana aliyethubutu hata kumbebea Brigid mwavuli, kwa sababu wote walijua lile tawi lipo.

Brigid akatoa simu, akaandika huku akinisomea:

"Lennox, tawi limetupwa kwa bahati mbaya. Njoo tuongee."

Dakika mbili hazikuisha, simu ikalia. Akasoma jibu:

"NANI AMETUPA? Nakuja sasa hivi."

Brigid akaiweka simu mezani polepole.

"Shosho, wiki tatu namwomba aje tule chakula pamoja. Kila siku ananijibu niko busy, niko library. Leo ni kijiti, anakuja mbio."

Nikampashia uji, nikammiminia.

Kutoka kwake Perry Barr hadi kwetu ni safari ndefu, lakini Lennox alifika kabla uji haujapoa vizuri. Alikuwa amevaa koti juujuu, vifungo vimepishana.

"Shikamoo, Shosho."

"Marahaba, mwanangu."

Hakumsalimu Brigid. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akakitazama chungu.

"Nani ameng'oa tawi langu?"

"Ni mimi," akasema Arsène. "Naomba pardon, ndugu yangu. Sikujua. Niliona imekauka."

"Hukujua? Kanisa zima linajua Brigid ni wangu, wewe peke yako hukujua?"

"Hiyo nilijua. Kijiti ndiyo sikujua. Kwetu tunapeleka barua na soda."

"Usinichekeshe, bwana. Unakuja kupaka rangi nyumba ya mchumba wa mtu. Unamtaka?"

 Brashi ya Arsène ilidondosha tone moja sakafuni, akainama akalifuta kwa shati lake. Alipoinuka aliniangalia mimi.

"Siwezi kusema uongo mbele ya Mama. Ndiyo, ninamupenda. Miaka mbili. Lakini sijamwambia hata neno moja, yeye mwenyewe ni shahidi. Na ile kijiti, kweli ya Mungu, nilifikiri ni uchafu. Sasa mi naenda."

"Huendi popote," nikasema. "Ukuta haujaisha."

Brigid alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Nikamgeukia Lennox.

"Mwanangu, nisimulie tena ile habari ya kitabu chako. Ile ya walowezi."

"Shosho, huu si wakati wake."

"Ndio wakati wake hasa. Kaa hapa."

Akakaa. Alizoea kunisimulia utafiti wake, nami nilipenda kusikiliza, kwa sababu nilikuwa nauelewa kwa miguu yangu. Mzungu alipoondoka Kinangop, mimi na marehemu mume wangu tuligawiwa kipande cha shamba lake. Mkaguzi alikuwa anakuja na baiskeli kutazama kama tunaishi hapo, kama tumelima, kama kuna moshi jikoni.

"Walifanyaje wale watu?" nikamwuliza.

Lennox akashusha pumzi. "Koloni jipya likifunguliwa, watu walikimbilia ardhi. Mtu anapiga vigingi, anaandikisha jina lake, kisha anarudi kukaa mjini. Haishi pale, halimi. Anangoja bei ipande. Na mwingine anayetaka kujenga haruhusiwi, kwa sababu vigingi vipo."

"Serikali ikasemaje?"

"Iliona nchi inabaki pori. Ikaweka sharti. Ukipewa ardhi, ujenge na ulime ndani ya muda fulani. Muda ukipita..."

 Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe kabla halijatoka.

"Ukipita?"

"Inarudishwa, Shosho. Anapewa mwingine."

"Wewe muda wako ulikuwa miaka mingapi?"

 Arsène aliinamisha uso. Nami, nisifiche, nilijiona mzee mwenye akili sana. Nilitaka kuendelea, lakini Brigid akasimama.

"Mmemaliza kunigawa?"

"Nyokabi, mama..."

"Hapana, Shosho, subiri. Lennox, nikuulize. Hiyo ardhi waliyokuwa wanaipigia vigingi, ilikuwa tupu?"

Lennox akainua macho. "Hapana. Ilikuwa na wenyewe."

"Kuna aliyewauliza?"

"Hakuna."

"Hata waliotunga hiyo sheria nzuri ya kurudisha?"

"Hata wao. Ilikuwa sheria ya walowezi juu ya walowezi. Wenyeji hawakuulizwa na upande wowote." Akasita. "Hiyo ndiyo sura yangu ya mwisho. Imenishinda kuandika."

"Basi leo niulizwe mimi."

Maneno hayo yalinichoma. Wazee wa Lennox walipopiga simu Kinangop miaka minne iliyopita, mimi ndiye niliyesema ndiyo. Nilifurahi, nikapokea mbuzi wao wa uchumba, nikachinja jogoo. Sikusema nipeni mtoto niongee naye kwanza. Na dakika ile nilikuwa karibu kumtoa kwa huyu nimpe yule, mbele yake, kama sahani ya wali.

"Nisamehe, mjukuu wangu," nikasema. "Nilikujibia. Sasa nakuuliza. Unataka nini?"

Brigid akavuta kiti, akakaa mbele ya Lennox, magoti yao yakakaribiana. Hakupaza sauti.

"Nataka siku. Taja siku ya harusi, Lennox. Iwe mwezi ujao, iwe Desemba. Taja tu."

"Brigid, unajua hali yangu. Nikishapata kazi ya kudumu..."

"Taja siku."

"Sitaki uolewe na mwanafunzi. Nataka nikuoe nikiwa mtu wa maana."

"Mimi nilikuwa naona wewe ni mtu wa maana tangu ule mwaka wa kwanza, tukila chipsi kituo cha basi. Taja siku, Lennox."

 Lennox alijipapasa mifuko kama mtu aliyepoteza funguo. Kisha macho yake yakajaa maji.

"Sina siku," akasema. "Nikijipeleleza ndani, sina. Nilikuwa naogopa tu nikikuacha utachukuliwa."

"Asante kwa kusema kweli," Brigid akamwambia. Akamshika mkono. Wakalia wote wawili, na mimi na Arsène tukautazama ukuta kwa bidii kama wakaguzi wa rangi.

Lennox alipoinuka, alifanya jambo ambalo nitamshukuru kwalo hadi kaburini. Alitoa simu akampigia mjomba wake, yule aliyeleta tawi, akaweka sauti ili sote tusikie.

"Mjomba Bethuel, niko kwa kina Brigid. Uchumba tumeuvunja leo, kwa amani. Kosa si lake hata kidogo. Naomba uwaambie wazee, na kanisani isemwe hivyo hivyo, mtu asije akamnyooshea kidole."

"Lennox! Umerogwa? Na mbuzi je?" sauti ikafoka.

"Mbuzi wabaki kwa Shosho. Amenitunza."

Akakata. Arsène akamsindikiza mlangoni, nikamsikia akisema, "Basi namba kumi na moja inapita kisha dakika sita, ndugu. Mi najua dereva wake, hachelewi."

Lennox akacheka, cheko la huzuni, lakini cheko. "Asante, bwana. Kaa salama."

Arsène alirudi akamaliza ukuta, akaosha brashi, akaondoka. Hakusema neno la mapenzi siku ile, wala wiki ile. Aliendelea kuja Jumamosi kama kawaida. Alinipeleka kwa daktari wa macho. Alimpigia Brigid simu baada ya zamu za usiku kumuuliza kitu kimoja tu: "Umekula?" Mwezi wa tano ukapita, wa sita ukaingia. Mimi nikaanza kuhesabu viza yangu, lakini mdomo wangu niliufunga. Nilikuwa nimejifunza.

Jumamosi moja alikuwa anakaza bawaba ya kabati. Brigid akaja na vikombe vya chai.

"Arsène."

"Ndiyo."

"Unakuja hapa kwa sababu yangu, au unapenda chai ya Shosho?"

Bisibisi ilimwanguka.

"Kweli? Yote mbili."

"Mbona husemi?"

"Mi naogopa kuweka kijiti nyingine." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Nilisema, Brigid apumue kwanza. Siku akitaka kusema, mi niko. Kama hatasema, basi, nitakuwa nimetengeneza kabati."

"Na nikisema?"

"Nitasikiliza."

"Nimesema," akajibu Brigid. "Nataka tuoane Agosti, Shosho akiwa bado yuko hapa. Wewe je?"

"Agosti tarehe ngapi? Niombe ruhusa kazini."

Nilijifanya naangalia nje ya dirisha. Sikuona hata gari moja, machozi yalikuwa mengi.

Walioana Jumamosi ya pili ya Agosti, ofisi ya msajili asubuhi, kanisani mchana. Thérèse, dada yake Arsène, alinifunga kitambaa kichwani kwa mtindo wa kwao hadi nikawa mrefu kuliko bwana harusi. Lennox hakuja, ila alituma ujumbe asubuhi: "Brigid, nimemaliza sura ya mwisho. Nawatakia heri kwa moyo wote." Brigid akanisomea, akatabasamu, akaendelea kuvaa hereni.

Pale ofisini, mwanamama msajili alianza kusoma maneno yake taratibu. Hata hajafika katikati, Arsène akaruka:

"Oui! Ndiyo! Yes!"

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Msajili akashusha karatasi, naye anacheka.

"Ngoja uulizwe kwanza," Brigid akamnong'oneza.

"Pardon," akasema bwana harusi, jasho linamtoka. "Niulize basi wewe mwenyewe."

Brigid akamgeukia, akamshika mikono yote miwili, akamwuliza kwa Kiswahili, pole pole, kila neno mahali pake. Na Arsène, safari hii, alisubiri hadi mwisho.