Barafu ya Bibi

Kila jioni akitoka shule, Kiherehere alikwenda moja kwa moja kwenye jengo la mazoezi, nyuma ya hospitali, alikolazwa bibi yake. Bibi alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, na jina la utani la Kiherehere alilitoa yeye. Matibabu ya saratani yalikuwa yamekwisha. Sasa alikuwa anajifunza kutembea upya.

"Umeleta barafu?" Bibi aliuliza siku hiyo, hata salamu hakuitikia.

Kiherehere alimpa chupa ya vipande vya barafu kutoka dukani. Vidole vyao vilipogusana, alishtuka. Mkono wa Bibi ulikuwa unachoma! Kabla hajasema neno, nesi aliingia na kigari chake cha vipimo. Bibi akajaza barafu mdomoni, akaitafuna harakaharaka, akameza. Nesi alipomtia kipimajoto chini ya ulimi, kilionyesha hana homa. Nesi akaenda kitanda cha pili.

"Bibi! Kumbe barafu ni ya kazi hii?"

"Nyamaza! Jirani yangu wa dirishani alishikwa na homa, wakamrudisha wodi kuu. Umemwona tena? Mimi kule sirudi ng'o! Ukisema, usinijie tena hapa."

Machozi yalimlengalenga Kiherehere. Kufukuzwa na Bibi! Lakini kumkosa kabisa je? Akasimama wima.

"Dada nesi! Rudi umpime kwapani. Amekula barafu!"

"Msaliti wee!" Bibi alifoka. "Kiherehere kweli!"

"Niite utakavyo, Bibi. Sinyamazi. Ukinifukuza nitakaa mlangoni."

Kwapani, homa ilikuwa kali. Bibi alirudishwa wodi kuu papo hapo, akilalamika njia nzima. Madaktari walikuta maambukizi yameanza kuingia kwenye damu, wakamtundikia dripu ya dawa.

Wiki iliyofuata alirejea, amekonda, ulimi uleule.

"Mama," nesi alimwambia mbele ya mjukuu wake, "matibabu ya saratani yamepunguza kinga yako. Homa ndogo kwa mwingine, kwako ni hatari. Jirani yako aliificha mpaka tukachelewa. Wewe umewahiwa, ndiyo maana umerudi mazoezini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mshukuru huyu mtoto."

Bibi aliguna. Kisha akainua mkono mwenyewe, kabla hajaambiwa.

"Haya, pima! Na wewe Kiherehere, kesho uwahi kuja. Barafu iache hukohuko dukani."