Gari la Kitaliano Kwenye Ua wa Pumba

Sogeeni, watu wa Kilombero, na hasa nyinyi wa Mlabani mnaojifanya mmesahau. Kisa hiki mlikipigia vigelegele kilipoanza, basi leo mtakisikiliza mpaka mwisho.

Miaka ya tisini ilipofika katikati, Mwanaheri alikuwa mwanamke mwenye raha yake. Yeye na mumewe Sadallah walikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Mlabani, mjini Ifakara, waliyoinunua baada ya Mwanaheri kuuza shamba alilorithi kule kijiji cha Mbingu. Kando ya mashine palikuwa na ghala la mbao, na uani lori la kubebea mpunga. Baada ya mavuno wakulima waliacha magunia yao ghalani wakisubiri bei ipande. Hakuna aliyedai karatasi. Kila mtu alifunga gunia lake kwa kitambaa cha rangi yake, na neno la Mwanaheri lilitosha.

"Shikamoo, bibi," Mwanaheri alimwamkia Bibi Tekla, mjane wa Lipangalala, siku alipoleta mpunga wake.

"Marahaba, mwanangu. Nakuachia uhai wangu. Humu kuna chakula cha mwaka na kuna mbegu."

"Ondoa shaka, bibi. Utaukuta kama ulivyouacha."

Sasa mtazameni mwanaume. Sadallah alikwenda Dar es Salaam na lori kutafuta vipuri. Akarudi bila vipuri na bila lori. Kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, aliona gari la mbio la Kitaliano, jekundu, limekaa gereji miaka, na akili ikamruka. Akatoa lori, akaongeza akiba yote ya nyumba. Lori lililokuwa likiwalisha, jamani!

Na gari lenyewe lilifikaje Ifakara? Lami ilipoisha, tumbo lake lilikwaruza kokoto, likagoma. Ikabidi lipandishwe juu ya lori la mbolea. Sadallah hakukubali kukaa mbele na dereva. Alikaa ndani ya gari lake huko huko juu, ameshika usukani, anapungia watu mkono. Na nyinyi mkampungia!

"Mama Hajira, hili linakwenda kilomita mia tatu kwa saa!" alimwambia mkewe kabla hata ya salamu.

"Kwenda wapi, Baba Hajira?"

Swali la maana kabisa. Gari lile lilitengenezwa na watu wenye akili zao, kwa ajili ya barabara zao. Injini ilikaa nyuma ya viti, silinda kumi na mbili, na ilitaka upepo wa mwendo mkali ndipo ipoe. Sadallah aliliendesha kwa gia ya kwanza kutoka nyumbani mpaka msikitini, likachemka, klachi ikanuka mtaa mzima.

Ukweli usemwe, siku moja alimpakia Mwanaheri wakaenda kiwanja cha ndege. Pale lilichomoka, mgongo wa Mwanaheri ukanasa kwenye kiti, akajikuta anacheka kwa raha. Kisha kiwanja kikaisha. Wakarudi nyumbani kwa gia ya kwanza.

Raha hiyo ya kufumba na kufumbua iligharimu nini? Klachi iliagizwa Italia, na kwa fedha ile mtu angepata trekta kuukuu. Fundi Nazari aliitwa kutoka Morogoro kubadilisha mkanda mmoja tu wa ndani, akasema lazima injini nzima ishushwe chini. Gari lilikunywa petroli hata likiwa limesimama. Yote hayo yalilipwa na mashine ya mpunga. Hajira, binti yao, akafukuzwa shule kwa kukosa ada, na baba mtu yuko uani anafuta vioo kwa kitambaa laini.

Masika yakaingia, ua ukawa tope. Sadallah akafanya kama tunavyofanya sote hapa: akazoa pumba za mpunga kutoka kwenye mashine, akamwaga tabaka nene mpaka kwenye ukuta wa ghala, gari lake lisizame. Tope lilipokatika, pumba zikabaki, kavu kabisa.

"Baba Hajira, zitoe hizo pumba," Mwanaheri alimwambia. "Pumba zinaungua chini kwa chini, moshi huuoni. Na chini ya gari lako hapashikiki kwa joto."

"Wewe mwanamke wa pumba utanifundisha mimi gari la Kitaliano?"

Eustaki, jirani aliyekuja kila siku kunywa chai ya bure na kulisifu gari, alicheka mpaka akapaliwa. Mpumbavu na mpambe wake!

Ijumaa moja baada ya swala, Sadallah alileta wageni. Akaliwasha, likanguruma, akaliacha linanguruma pale pale juu ya pumba, akawaingiza ndani kula pilau huku wakisikiliza sauti. Mwanaheri, aliyekuwa kwenye mashine, alisikia harufu ya kuungua. Akadhani ni klachi. Nyumba ile ilikuwa imezoea kunuka.

Alipotoka, moto ulikuwa umeshika gari na unapanda ukuta wa ghala.

"Ghalani!" alipiga kelele. "Maji ghalani! Mpunga wa watu!"

"Gari!" Sadallah naye akapaza sauti. "Mwagieni gari!"

Na watu walimsikiliza nani? Walimsikiliza mwenye gari. Ndoo zote zikaenda kwenye gari, ambalo halikupona hata hivyo, na ghala likaungua lote.

Bibi Tekla alikuja anahema. "Mwanangu, mpunga wangu uko wapi?"

 Mwanaheri akapiga magoti mbele ya mama yule, akalia kwa sauti mbele ya watu wote.

Alipoinuka, alisema: "Mashine haikuungua, na imetokana na urithi wangu. Kuanzia leo inakoboa kwa ajili yenu wenye mpunga, na mapato yake ni yenu, mpaka wa mwisho arudishiwe mpunga wake. Bibi Tekla awe wa kwanza."

Sadallah akainuka kutoka kwenye chuma kilichobaki, masizi usoni. "Na mimi je? Gari langu nani atanilipa?"

Bibi Tekla alimtazama, akatema mate chini, akaenda zake kuazima mbegu.

FUNZO

Ndugu zangu, gari zuri si dhambi. Dhambi ni kuuza kinacholisha nyumba ili ununue cha kutazamwa, kisha kukiweka mbele ya amana ya watu. Kabla hujanunua kitu, uliza kitakula nini, kitapita wapi, na nani ataumia kikiharibika. Mkeo akikuonya, sikiliza, usimcheke. Na nyinyi wapiga vigelegele, ndoo zile zilikuwa mikononi mwenu.