Mke wa Nyangi

Nyangi hakuwa mtu wa kutulia. Asubuhi hiyo alikuwa ameshatoa ng'ombe zizini, amechota maji, na amesimama mara tatu kwenye mlango wa Robi.

"Robi, umeamkaje leo?"

"Kichwa, mama. Bado kinagonga."

"Na miguu?"

Robi aliinyoosha. Ilikuwa imevimba, hata kandambili haziingii. Nyangi aliitazama, akatabasamu, kisha akaenda kufagia uwanja ambao alikuwa ameshaufagia.

Hapa Mugeta, wilaya ya Bunda, mji wa Nyangi, yaani boma lake, unajulikana. Nyangi ni mjane wa miaka sitini na mbili. Alizaa mabinti wanne, wote wameolewa. Mtoto wa kiume hakupata. Kwa mila za huku Mara, mwanamke kama huyo anaweza kutoa ng'ombe na kuoa mwanamke mwenzake. Mke huyo akizaa na mwanaume yeyote, mtoto ni wa mji wa yule aliyeoa. Ndoa hiyo inaitwa nyumba ntobhu.

Robi, mwenye miaka ishirini na tatu, ndiye mke wa Nyangi. Wanalima pamoja mihogo na pamba. Wanagombana juu ya chumvi ya mboga, kama watu wa nyumba yoyote.

Sasa Robi alikuwa na mimba ya miezi minane kasoro. Kliniki hajaenda hata siku moja. Kila akikumbusha, Nyangi alimjibu, "Mwezi ujao." Mwezi ujao ukafika, ukapita, ukaja mwingine.

Siku hiyo Sabina alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Sabina ni mhudumu wa afya wa kijiji. Nyangi alimwona akiwa bado mbali, akaenda kumkuta pembeni ya uwanja.

"Habari za hapa, mama?"

"Nzuri. Robi hayupo. Ameenda shamba."

"Niko huku!" Robi aliita kutoka ndani. "Dada Sabina, njoo!"

Nyangi aliona aibu, akampisha. Sabina aliingia. Alimtazama Robi usoni, akaacha kutabasamu.

"Uso huu umevimba tangu lini?"

"Siku nne."

"Kichwa kinauma?"

"Sana. Na naonaga vimulimuli, mchana kweupe."

"Hapa je, chini ya mbavu?"

"Panauma tangu jana."

Nyangi alicheka kidogo. "Sabina, usimtishe mtoto wa watu. Uvimbe huo mimi naujua. Mimba zangu zote nne zilikuwa za kike, na miguu yangu haikuvimbaga hata mara moja. Huyu wangu amevimba. Huyo tumboni ni dume!"

Basi ndiyo hiyo furaha yake. Siku nne nzima Nyangi alikuwa anaufurahia ugonjwa.

"Mama," Sabina alisema taratibu, "uvimbe hausemi mtoto ni wa kike au wa kiume. Miguu peke yake inaweza kuvimba kidogo mimba ikikua. Lakini uso ukivimba, kichwa kikagonga, macho yakaona vimulimuli, na tumbo likauma hapa juu, hizo ni dalili za hatari. Inawezekana presha imepanda. Presha ya mimba inaleta kifafa. Inaua mama na mtoto pamoja."

"Inaua?"

"Inaua. Hata dalili moja tu inatosha kumpeleka hospitali. Kliniki wangempima presha kila akienda. Kwa nini hamkwenda?"

Nyangi alikaa kwenye kigoda, akasimama, akakaa tena.

"Wanasema kliniki mjamzito aje na mwenza wake. Mwenza wake ni nani, kama si mimi? Nikaseme nini pale mbele ya watu? Watanicheka mpaka sokoni. Nikimpeleka yule mwanaume aliyempa mimba, ataandikwa kwenye kadi. Kesho atasema mtoto ni wake."

Sabina hakucheka. "Mama, mwenza anaitwa ili naye apimwe na apate ushauri. Asipokuwepo, mjamzito hafukuzwi. Aje na wewe. Aje na jirani. Aje hata peke yake. Na kadi ya kliniki si hati ya kummiliki mtoto. Inaandikwa presha, damu, uzito, na tarehe ya kurudi. Mimba ikijulikana tu, mtu aende, kabla ya miezi mitatu kuisha."

"Mimi nilimwambia," Robi alisema.

"Ulinambia," Nyangi alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Sabina alipiga simu ya bure ya usafiri wa dharura kwa wajawazito. Alimlaza Robi kwa ubavu wa kushoto. Gari lilikuwa njiani, lakini njia ilikuwa ndefu. Nyangi alitoka kutazama barabara. Akarudi. Akatoka tena. Alifunga kanga, doti ya kitenge na sabuni kwenye furushi. Akalifungua, akalifunga upya. Gari lilipofika, alikuwa wa kwanza kupanda.

Hospitalini walimpima Robi presha na mkojo. Presha ilikuwa mia moja na sabini kwa mia moja na kumi, juu mno. Walimchoma sindano ya kuzuia kifafa na kumpa dawa ya kushusha presha. Kisha Daktari Gody aliwaita Robi na Nyangi wasikie pamoja.

"Dawa hizi zinatusaidia kwa muda tu," alisema. "Presha hii inaletwa na mimba. Tunatakiwa kumtoa mtoto leo, kwa upasuaji."

Nyangi aliruka. "Miezi haijatimia! Mwacheni akae ndani, hata wiki mbili tu!"

"Wiki mbili Robi hana, mama."

Nyangi aligeuka. Alimtazama Robi, na moyo ukamuuma. Miaka yote hiyo alimwota mtoto. Kumwota Robi hakuwahi. Robi anayeamka kabla yake kuwasha moto. Robi anayemkanda mgongo wakati wa palizi.

"Nani anasaini fomu?" aliuliza, akanyoosha mkono.

"Mgonjwa mwenyewe," Daktari Gody alisema, akampa Robi kalamu. "Ana akili zake timamu. Mwili ni wake."

Robi alisaini. Jina lilisomeka vizuri.

Nyangi alibaki kwenye benchi. Alihesabu mbao za dari. Alisali Baba Yetu, akakosea katikati, akaanza upya. Muuguzi alipotoka, Nyangi alimkamata mkono.

"Robi yuko wapi?"

"Anashonwa. Anaendelea vizuri."

"Anapumua? Anaongea?"

"Anaongea. Mama, huulizi mtoto?"

"Nimekuuliza Robi!" Nyangi alisema, na machozi yakamtoka.

Mtoto alikuwa wa kike. Kilo moja na gramu mia tisa. Muuguzi alieleza kwamba mtoto mdogo hivyo anahitaji joto la mwili, ngozi kwa ngozi, na kidonda cha Robi bado kinauma. Angehitaji mtu wa kupokezana naye. Nyangi alifungua vifungo vya blauzi pale pale. Walimfunga mtoto kifuani kwake kwa kanga. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Nyangi alikaa bila kusimama.

Walikaa hospitali siku kumi na mbili. Presha ya Robi iliendelea kupimwa, kwa sababu inaweza kupanda hata baada ya kujifungua. Wakarudi Mugeta wote watatu.

Leo mtoto ana miezi saba na ananyonya kwa fujo. Wiki iliyopita Nyangi alimpeleka kliniki jirani yake Wegesa, ambaye naye ameoa kwa nyumba ntobhu. Walikuwa na mke wake, mwenye mimba ya miezi miwili. Wegesa alisimama getini, akakataa kuingia.

"Watatucheka, Nyangi."

"Wacheke. Mimi walinichekaga, na ugali nakula. Kaburi la Robi lingenimaliza."

Akamshika mke wa Wegesa mkono, wakaingia kupima presha.