Mpumbu ya Alama Nyekundu

Maiti ya Jairos ilikuwa imelala kifudifudi mu matete, pa kinywa ya muto, kusini ya Kashikishi. Inspekta Misozi aliinama, akaangalia kisogo. Kidonda kilikuwa cha duara, sawa vile mutu amekandamiza kikombe mu udongo mubichi.

"Ntumpu," alisema konstebo Davies.

Hakuna muvuvi wa ziwa Mweru asiyejua ile fimbo: ndefu, kichwa yake imechongwa kama kikombe. Unapiga nayo maji, samaki anashituka, anakimbilia mu wavu. Ilikatazwa zamani. Mvua hii ilipoanza, Ba Kabaso, mwenyekiti wa komite ya uvuvi, alikusanya fimbo za kijiji chote akazichoma mbele ya batu.

Yote juu ya samaki mpumbu. Zamani, mvua ya kwanza ikinyesha, mpumbu walitoka mu ziwa kupanda muto kuzaa, maji yanakuwa meusi na migongo yao. Batu wakatega nyavu pale pale pa kinywa, wakawatoa na mayai tumboni. Mwaka kisha mwaka, wenye kurudi wakapungua. Sasa soko nzima ya Kashikishi hauione hata moja. Kundi dogo tu lilibaki, na Jairos, mulinzi wa samaki, njo alikuwa analichunga. Alikuwa anawakamata pole, anawafunga alama ndogo nyekundu ya plastiki pa pezi, anawaachia, ili ajue mwaka unaokuja ni wangapi watarudi.

Pa kituo ya polisi, batu walikuwa wamezunguka nyumba. Walimutaka Lévi, mukimbizi toka Pweto ng'ambo ya ziwa, juu alifika kisha ule moto kupita na fimbo yake haikuchomwa. Walisema kama polisi wanaogopa, wamutoe inje, wao hawaogope.

Lévi alikuwa amejikunja mu kona ya selo.

"Fimbo yako iko wapi?"

"Ilivunjika, mama. Bibi yangu aliipikia bugali."

"Nani aliona?"

"Bugali."

Davies alitaka kucheka. Jiwe likagonga bati ya paa, akakimbia kufunga dirisha.

Misozi alifikiri juu ya ule moto. Kila mutu alipeleka fimbo yake kwa Kabaso. Na ya Kabaso? Mwenye kuwasha moto, nani atamuuliza yake?

Akaenda na Davies, wakamukuta Kabaso mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yake, amevaa koti ya kilio. Kabaso alisema anakimbilia kwa mufiwa, na mama yake ni mugonjwa, heri wamuache apumuzike. Lakini hapa hauingie kwa mutu mwenye mugonjwa ukatoka bila kumusalimia. Majirani walikuwa wanaangalia. Kabaso akaachia mulango.

Mama Emilienne, muzaliwa wa Kilwa ng'ambo ya ziwa, alikuwa amebaki mifupa juu ya mukeka. Misozi alipiga magoti, akapiga makofi pole, akamuuliza kama anakula.

"Jana nilikula, mwanangu. Kabaso aliniletea mpumbu." Akachekelea. "Tangu bwana yangu afe sijaonja. Ilikuwa na mayai mingi. Mwiba moya tu ulitaka kuniua."

Akaingiza mukono chini ya muto wa kichwa, akatoa kitu kidogo.

"Angalia. Umekwisha kuona mwiba mwekundu?"

Mu mulango, Kabaso alivua koti ya kilio.

"Apana hapa, Inspekta," alisema. "Asisikie."

Walienda nyuma ya jikoni. Fimbo ilikuwa mu nyasi za paa, kichwa yake imekauka damu.

"Mama alikuwa anaiomba kila asubui," Kabaso alisema. "Mpumbu, mpumbu. Mimi njo niliwakataza batu wote. Nikasema, moya tu. Jairos akanikuta mu maji. Hakupiga kelele. Aliangalia ile fimbo tu, akasema, 'Ba Kabaso, yangu niliitupa mu moto yako.' Akasema atanisimamisha mbele ya batu. Kisha akanipa mugongo."

"Ukamupiga."

"Aibu njo iliua Jairos, mama. Aibu yangu."

"Na kisha?"

"Nikabeba samaki."

Misozi alimutuma Davies kufungua selo ya Lévi, kisha asimame mbele ya batu aseme Lévi hakuua. Kisha akamufunga Kabaso pingu. Chuma kililia kidogo.

Sauti ya Mama Emilienne ilitoka mu nyumba. "Kabaso? Kesho utaniletea ingine?"

Kabaso aliangalia ziwa, kisha mikono yake.

"Lala, mama," alijibu. "Ile njo ilikuwa ya mwisho."